Wenye Miti na Mabwana Miti: Tuitunze Pamoja Misitu Tuliyokabidhiwa



Kila mwaka, tarehe 1 Septemba, Mama Kanisa hutualika kuadhimisha Siku ya Kuombea Utunzaji Bora wa Mazingira na kuanza Kipindi cha Kazi ya Uumbaji, ambacho huhitimishwa tarehe 4 Oktoba, Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi. Kwetu sisi tunaoishi katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kipindi hiki cha sala huangukia majira magumu kuliko yote kwa misitu yetu. Majani yamekauka, upepo unavuma kutoka kila upande, na jioni moshi huonekana juu ya vilima. Wakati sisi mapadre tunawaongoza waamini katika sala ya kumshukuru Mungu kwa uumbaji, baadhi ya waamini hao hao wako mlimani wakipiga moto kwa matawi mabichi, wakijaribu kuokoa miti ambayo walitarajia iwasomeshe watoto wao.

Ndiyo maana tumeona vema kuutafakari uhusiano ambao haujadiliwi sana katika mahubiri yetu, yaani uhusiano kati ya mwenye shamba la miti na mtaalamu wa misitu. Swali letu ni jepesi kulitamka, lakini jibu lake lina uzito: kwa nini watu wenye bidii kubwa ya kupanda miti huishia na misitu dhaifu, inayoungua, inayougua na inayouzwa kwa bei ya kutupa? Na Kanisa, ambalo lenyewe ni mmiliki wa mashamba ya miti, lina wajibu gani katika jambo hili?

Msitu umehama kutoka mikononi mwa serikali

Kwa mujibu wa tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu, Tanzania Bara ina hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya ardhi yake. Sehemu kubwa ya misitu hiyo ni miombo na misitu mingine ya asili. Mashamba ya miti ya kupandwa ni sehemu ndogo mno ya eneo hilo, lakini ndiyo yanayobeba mzigo mkubwa wa mahitaji ya mbao za ujenzi, nguzo za umeme na kuni za viwandani.

Kwa miongo mingi, mtu aliyetaja shamba la miti alimaanisha shamba la serikali. Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote, nalo lina eneo la zaidi ya hekta 130,000 pamoja na sehemu zilizohifadhiwa kwa uoto wa asili na vyanzo vya maji. Leo hali ni tofauti. Mtu asafiriye kutoka Mafinga hadi Njombe, au kutoka Njombe kuelekea Makete na Ludewa, huona misindano na mikaratusi ya watu binafsi kwenye kila mteremko. Humo mna mashamba ya walimu, wauguzi, wajane, vijana wa bodaboda, na watu waishio Dar es Salaam ambao hufika kijijini mara moja kwa mwaka. Humo mna mashamba ya vijiji, ya shule, ya mashirika ya kitawa na ya parokia zetu.

Mabadiliko haya yalikuwa na msingi wa kisheria. Sera ya Taifa ya Misitu ya mwaka 1998 ilifungua mlango kwa wananchi kushiriki kikamilifu katika kumiliki na kusimamia misitu, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikatambua misitu ya vijiji na misitu ya watu binafsi sambamba na ile ya serikali. Kuanzia mwaka 2014, mpango wa Panda Miti Kibiashara, ulioendeshwa na serikali yetu kwa ushirikiano na Finland, uliwasaidia wakulima wa miti kujiunga katika vikundi vya vijiji, kupata mbegu bora na kujifunza utunzaji wa mashamba. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hakuna kilichofanyika. Lakini miti hupandwa kwa kasi, na maarifa huifuata nyuma yakichechemea.

Magonjwa ya msitu uliopandwa bila ushauri

Tukitazama kwa makini, kasoro zinazojirudia katika mashamba yetu si nyingi, na karibu zote zingeweza kuzuilika mapema.

Ya kwanza ni mbegu. Mkulima huchota miche iliyojiotea chini ya miti ya jirani, au hununua miche ya bei rahisi isiyojulikana asili yake. Miti mama ikiwa imepinda, watoto nao watapinda. Mkulima hugundua hilo baada ya miaka 7 au 8, wakati ambapo hawezi tena kurudi nyuma.

Ya pili ni nafasi. Wataalamu hushauri misindano ya mbao ipandwe kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, yaani takriban miche 450 kwa ekari. Wengi wetu huona kwamba ardhi inapotea bure, tukabananisha miche kwa mita 2 kwa mita 2, na idadi ikafika 1,000 kwa ekari. Kisha hatupogolei matawi wala hatupunguzii miti iliyo dhaifu. Matokeo yake ni msitu mnene wa fito ndefu nyembamba. Hapa tunaomba wasomaji wetu wazingatie hesabu moja rahisi: gogo lenye kipenyo cha sentimita 30 lina eneo la mkato mara nne ya gogo la sentimita 15, si mara mbili. Miti michache iliyonenepa huzaa mbao nyingi na bora kuliko miti mingi iliyokonda.

Ya tatu ni moto. Shamba la jirani halikufyekwa, barabara ya kuzuia moto haikulimwa, mtu mmoja amechoma mabua bila kutoa taarifa, na kwa mchana mmoja jasho la miaka 10 la familia ishirini limekuwa majivu. Moto hauheshimu mipaka ya hati. Mwenye ekari 2 aliyesafisha shamba lake vizuri huunguzwa na mwenye ekari 50 aishiye mjini, ambaye hajalitembelea shamba lake tangu alipolinunua.

Ya nne ni mahali. Mikaratusi imepandwa kwenye mabonde, kandokando ya vijito na juu ya chemchemi, mahali ambapo bibi zetu walilima vinyungu wakati wa kiangazi na kuvuna mboga na mahindi mabichi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji, lakini katika vijiji vingi kipimo hicho hakijulikani, au kinajulikana na kupuuzwa. Wengine wamekwenda mbali zaidi, wakafyeka mabaki ya msitu wa asili ili kupanda misindano, kana kwamba kila mti ni sawa na mwingine.

Ya tano ni wadudu na magonjwa. Yafaa tukumbuke kwamba katika miaka ya 1980 vidukari waharibifu wa misaipresi waligundulika Malawi, wakaenea hadi nchi nyingine za Afrika Mashariki na kuangamiza mashamba mengi. Miaka ya 2000 ikaleta kijidudu kutoka Australia kinachotengeneza vinundu kwenye majani na vikonyo vya mikaratusi michanga. Shamba la aina moja ya mti, lililobanana, lenye miti iliyokosa nguvu, ni meza iliyoandaliwa kwa wageni wa namna hiyo. Dalili zake za mwanzo huonwa na mwenye shamba, lakini jina la ugonjwa na tiba yake hujulikana na mtaalamu. Wasipozungumza, msitu hufa huku mmoja akiwa na macho na mwingine akiwa na kitabu.

Ungamo letu wenyewe

Haitakuwa haki kuwanyoshea vidole waamini bila kujitazama. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia mojawapo tuliyotumwa kuhudumu, tulipanda misindano kwenye ekari 6 za Kanisa. Siku ya kupanda ilikuwa ya furaha kubwa. Kwaya iliimba, watoto wa Utoto Mtakatifu walibeba miche, nasi tukabariki shamba kwa maji ya baraka. Hatukumwita afisa misitu. Tulidhani kwamba kupanda mti ni jambo ambalo kila mtoto wa mkulima analijua tangu tumboni.

Tulipanda kwa kubananisha. Hatukulima barabara ya kuzuia moto upande wa mashariki, kwa sababu upande ule ulipakana na shamba la muumini wetu, nasi tuliona aibu kumdai nafasi. Mwaka wa tano moto uliingia kutoka upande ule ule. Zilisalia ekari 2. Bwana miti wa kata alipofika hatimaye, hakutulaumu. Alitembea kimya kati ya miti iliyobaki, akaweka alama ya rangi kwenye miti kadhaa, akasema kwamba ile isiyo na alama iondolewe ili mingine ipumue. Mzee mmoja wa Halmashauri ya Walei alipinga vikali. Aliuliza inawezekanaje, baada ya moto kula ekari 4, tukate wenyewe hata kile kidogo kilichonusurika. Tulibishana siku nzima. Mwishowe tulikata, tukauza fito kwa wajenzi wa mabanda, tukalipia kulima barabara ya kuzuia moto.

Hatusemi kwamba ekari hizo 2 zimekuwa utajiri. Tunasema tu kwamba leo mzee yule ndiye anayewapeleka wenzake kuzitazama, na ndiye anayewaambia kwamba kukata kwa busara ni sehemu ya kutunza. Sisi tulijifunza somo la unyenyekevu: baraka haiondoi haja ya maarifa.

Maarifa hutembea pande mbili

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kumchora mkulima kama mtu asiyejua kitu na mtaalamu kama mwenye majibu yote. Historia ya nchi yetu inatufundisha vinginevyo.

Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kama HASHI. Sehemu kubwa ya Usukuma ilikuwa imekwanguliwa kwa miongo mingi, kwanza kwa kufyeka misitu ili kuangamiza mbung'o, kisha kwa kilimo cha pamba na wingi wa mifugo. Mwanzoni jitihada ziliegemea vitalu na ugawaji wa miche, ikiwemo ya kigeni, na mafanikio yalikuwa haba. Baadaye wataalamu walisikiliza na kutambua kwamba Wasukuma walikuwa na desturi yao wenyewe, ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa masika ili majani yasitawi na mifugo ipate malisho wakati wa kiangazi. Ndani ya ngitili, visiki na mizizi ya miti ya asili huchipua yenyewe vikipewa pumziko. Maafisa wakaacha kuwa walimu peke yao, wakawa wanafunzi pia. Ngitili za familia na za vijiji zikafufuliwa katika mamia ya maelfu ya hekta, na kuni, asali, dawa na ndege vikarudi. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa.

Vivyo hivyo kule Babati, mwanzoni mwa miaka ya 1990, msitu wa Duru-Haitemba ulikuwa uwekwe chini ya hifadhi ya serikali, na wananchi walipinga. Badala ya kuwashurutisha, mpango ulibadilishwa, nao wanavijiji wakakabidhiwa wajibu wa kuulinda wenyewe kwa sheria ndogo walizozitunga. Msitu uliokuwa ukiporwa kwa sababu ulionekana si wa mtu, ukaanza kulindwa kwa sababu ulijulikana kuwa ni wa watu. Na kule Kilwa, mwaka 2009, misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora. Wanakijiji, wakisaidiwa na wataalamu, walihesabu miti yao, wakapanga ni mipingo mingapi ivunwe bila kudhuru msitu, na mapato yakabaki kijijini kwa ajili ya miradi ya wote.

Mifano hii mitatu haifanani. Mmoja ni wa malisho, mwingine wa ulinzi, mwingine wa mbao za thamani. Kinachoiunganisha ni kwamba umiliki na utaalamu vilikaa meza moja, na kila upande ulikubali kubadilishwa na mwenzake.

Tunaweza pia kujifunza kutoka Finland, nchi iliyoshirikiana nasi katika mpango tulioutaja. Huko familia za kawaida zinamiliki takriban asilimia 60 ya misitu ya uzalishaji. Wengi wao si matajiri wa mashamba makubwa, bali ni watu waliorithi msitu wa babu. Wana vyama vyao vya wenye misitu, ambavyo huajiri wataalamu kwa niaba ya wanachama. Kabla ya kuvuna, mmiliki hutoa taarifa kwa mamlaka, na baada ya uvunaji wa mwisho sheria humtaka ahakikishe kwamba msitu unaota tena. Hali yao ya hewa na uchumi wao si vyetu, lakini kanuni yao twaweza kuielewa hata hapa kijijini: mwenye ekari chache hawezi kumwajiri mtaalamu peke yake, ila mia moja wenye ekari chache wanaweza.

Kwa nini tunakwepana?

Ikiwa ushirikiano huu una manufaa kiasi hicho, kwa nini ni adimu? Tunaona sababu tatu, nazo zinastahili kusemwa bila kuficha.

Sababu ya kwanza ni woga wa kihistoria. Kwa vizazi kadhaa, mwananchi alimfahamu afisa misitu kama mtu wa kukamata mkaa, kukagua vibali na kutoza faini. Hata leo, mkulima aliyepanda miti yake kwa jembe lake bado hukutana na serikali kwa mara ya kwanza siku ya kuvuna, anapotakiwa kibali, ushuru na hati ya kusafirishia. Mtu anayekuja siku ya mavuno tu hawezi kuaminiwa kama rafiki wa shamba. Tunawaomba viongozi wa halmashauri na wa Wakala wa Huduma za Misitu walione hili: afisa anayetembelea shamba mwaka wa kwanza atapokelewa kwa furaha mwaka wa kumi na tano.

Sababu ya pili ni uchache wa wataalamu. Vyuo vyetu, kama vile Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro na Chuo cha Misitu Olmotonyi kule Arusha, vinatoa vijana wenye ujuzi, na baadhi yao ni watoto wa parokia zetu walio nyumbani bila ajira. Wakati huo huo, afisa mmoja wa wilaya anatarajiwa kuvihudumia vijiji vingi, mara nyingine bila mafuta ya pikipiki. Hapa pana kitendawili cha kusikitisha: shamba linamkosa mtaalamu, na mtaalamu anaikosa kazi, nao wote wawili wanasali katika kanisa moja.

Sababu ya tatu, na iliyo nzito kuliko zote, ni umaskini wa ghafla. Msindano wa mbao huhitaji miaka mingi. Katika mashamba ya serikali huvunwa ukiwa na umri wa miaka 20 na zaidi. Lakini ugonjwa hausubiri miaka 20. Baba amelazwa hospitali, mtoto amefaulu kwenda kidato cha tano, msiba umeingia. Mnunuzi anafika akiwa na fedha taslimu, anaitazama miti ya miaka 8 iliyosimama, anataja bei ya shamba zima. Yeye anajua kukadiria ujazo. Mwenye shamba hajui. Siku mbili baadaye mashine za kupasulia mbao ziko mlimani, na baada ya mwezi familia ina visiki na deni lililopungua kidogo. Hatuna haki ya kumhukumu mama aliyeuza miti ili mumewe apate upasuaji. Lakini tuna haki, na wajibu, wa kuuliza kwa nini jumuiya nzima ya Wakristo ilimwacha asiwe na mahali pengine pa kukimbilia isipokuwa kwa mnunuzi yule.

Mtini ulioombewa mwaka mmoja zaidi

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, Bwana wetu anasimulia habari za mtu aliyekuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Kwa miaka mitatu alikuja kutafuta matunda, asipate. Akaamuru ukatwe. Lakini mtunza shamba akamsihi auache mwaka huo tena, ili apate kuupalilia na kuutilia samadi. Usipozaa baada ya hapo, ndipo ukatwe. Kwa kawaida tunausoma mfano huu kama habari ya huruma ya Mungu kwa mkosefu, na ndivyo ulivyo. Lakini tusipite haraka mazingira yake. Humo mna mmiliki mwenye haki ya kuamua, na mna mtu mwenye ujuzi wa mti. Mmiliki anaona hasara. Mtunzaji anaona kile ambacho mti ungeweza kuwa ukipata huduma. Mtunzaji hamnyang'anyi mwenye shamba mamlaka yake, wala hapingi kwamba mti waweza kukatwa. Anaomba muda, anajitolea kazi, na anaweka kipimo. Naye mwenye shamba anakubali kusikiliza sauti ya mtu ambaye si mmiliki. Huo ndio uhusiano tunaoutafuta.

Mafundisho jamii ya Kanisa yanatusaidia kuuelewa zaidi. Tangu waraka wa Rerum Novarum wa Papa Leo XIII, mwaka 1891, Kanisa limetetea haki ya mtu kumiliki mali, na hapo hapo likafundisha kwamba matumizi ya mali hiyo hayawezi kusahau mahitaji ya wengine. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba mali za dunia zimekusudiwa kwa ajili ya watu wote, na kwamba dunia ni kama mkopo ambao kila kizazi hukipokea ili kukikabidhi kizazi kinachofuata. Kwa hiyo, mwenye hati ya shamba juu ya chemchemi anamiliki ardhi, lakini hamiliki kiu ya watu wa bondeni. Mwenye shamba lisilofyekwa anamiliki majani yake, lakini hamiliki haki ya kumuunguza jirani. Mafao ya wengi si adui wa mali binafsi. Ndiyo yanayoipa maana.

Kanuni ya auni nayo inatufundisha kwamba lile ambalo kikundi kidogo kinaweza kulifanya vizuri, serikali isilinyakue, ila isaidie pale ambapo nguvu za wadogo zimekoma. Wakulima wa kijiji wanaweza kulima barabara za kuzuia moto, kuweka zamu za ulinzi na kuuza kwa pamoja. Hawawezi peke yao kuboresha mbegu, kuchunguza wadudu wapya au kudhibiti masoko yenye hila. Kila upande ufanye lililo lake.

Tufanye nini?

Tunapendekeza mambo machache, nasi tunayasema kwanza kwa parokia na taasisi zetu wenyewe.

Kwanza, kila shamba la miti la Kanisa liwe na mpango wa usimamizi ulioandikwa pamoja na mtaalamu wa misitu, unaoonyesha aina za miti, nafasi, mwaka wa kupogolea, mwaka wa kupunguzia, mahali pa barabara za kuzuia moto na maeneo yasiyoguswa kando ya maji. Shamba la parokia liwe darasa la kijiji, si aibu ya kijiji.

Pili, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo zilizo katika maeneo ya miti ziweke ajenda ya moto kila mwaka kabla ya kiangazi. Ni vema waamini wenye mashamba yanayopakana wakutane, wakubaliane siku ya kufyeka mipaka, na wamwalike bwana miti au bibi miti wa kata siku hiyo. Wenye mashamba waishio mijini watumiwe ujumbe kwa majina. Kuchangia harusi ya kijijini na kulisahau shamba linalohatarisha kijiji ni upendo uliopinda.

Tatu, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa viwe na mfuko wa dharura kwa ajili ya ugonjwa na ada, ili familia isilazimike kuuza miti michanga. Na inapobidi kuuza, iuzwe sehemu, si shamba zima. Na kabla ya bei kutajwa, miti ipimwe na mtu asiyetoka upande wa mnunuzi. Vikundi vya wakulima wa miti vipo katika vijiji vingi. Tujiunge navyo badala ya kila mmoja kusimama peke yake mbele ya mnunuzi.

Nne, tuwakumbuke wajane na watoto yatima. Miti ina desturi ya kuwa mali ya mwanaume wakati wa mirathi, hata kama mikono iliyopalilia ilikuwa ya mwanamke. Kamati zetu za Haki na Amani zisaidie familia kuandika umiliki wa mashamba wakati wazazi wote wangali hai.

Tano, tusipande miti kwenye kila kipande cha ardhi. Familia iliyojaza misindano hadi mlangoni, kisha ikanunua mahindi sokoni mwaka mzima, haijatajirika. Shamba la chakula, bonde la maji, msitu wa asili na shamba la miti, kila kimoja kina nafasi yake katika nyumba moja.

Ndugu wapendwa, Bwana alimweka mwanadamu katika bustani ailime na kuitunza, na vitenzi hivyo viwili havikutenganishwa. Wapo kati yetu waliopokea ardhi, na wapo waliopokea elimu ya miti. Hakuna aliyepewa vyote. Kiangazi hiki, kabla moshi haujaonekana juu ya kilima, mwenye miti na amtafute mtaalamu, naye mtaalamu na amtembelee mwenye miti, hata kama ni kwa kutembea pamoja saa moja tu shambani.

Mtakatifu Yosefu, seremala wa Nazareti, ambaye mikono yake iliujua uzito wa gogo na harufu ya mbao, awaombee wote wanaopanda, wanaotunza na wanaovuna. Naye Mwenyezi Mungu, muumba wa mbingu na nchi, atujalie mvua kwa wakati wake na busara kwa wakati wote. Amina.